Kitabu cha Kumbukumbu ya Babu: Tathmini ya Kazi ya Duka Moja la Uchapaji Kariakoo

Mwezi Aprili 2025 familia yetu ililipa shilingi 1,091,500 kwa duka moja la uchapaji la Kariakoo, Dar es Salaam, ili litutengenezee kitabu cha kumbukumbu ya Babu mzaa mama, aliyefariki mwezi Machi akiwa na umri wa miaka 86 nyumbani kwake Mwanga, Kigoma. Kitabu kilitakiwa kigawiwe kwa wanafamilia, majirani na wazee wenzake wa reli siku ya misa ya arobaini, wakati wa kuanua matanga. Kabla ya kutoa fedha nilitafuta mtu wa kunieleza kwa kina kazi hii hufanywaje, na nilichopata ni matangazo ya maduka yenye maua meupe na njiwa, pamoja na bei zisizosema zinalipia nini. Ndiyo maana ninaandika kwa urefu. Jina la duka silitaji, kwa kuwa makosa nitakayoyasimulia yameshazungumzwa baina yetu na wenyewe, na kwa kuwa maduka ya aina hiyo yaliyopangana katika mtaa ule yanatoa huduma moja kwa bei zinazokaribiana, hivyo atakayeingia lolote kati yake atakutana na maswali yaleyale.

Hesabu ilikuwa hivi. Nakala 80 za kurasa 36, ukubwa wa A5, zote za rangi, zilikuwa shilingi 9,000 kila moja. Kuskani picha na nyaraka 41 kulikuwa shilingi 1,500 kwa kila moja, kurekebisha picha sita zilizochakaa shilingi 15,000 kila moja, kuandikiwa wasifu wa marehemu shilingi 150,000, kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti shilingi 40,000, na kuweka sauti hiyo mtandaoni kwa mwaka mmoja pamoja na msimbo wa QR ndani ya kitabu shilingi 30,000. Nusu ililipwa mwanzoni, nusu siku ya kuchukua mzigo. Risiti ilitolewa bila kuombwa, jambo ambalo mtu aliyezoea Kariakoo atalitambua kuwa si dogo.

Nianze na kazi iliyofanywa vizuri kuliko zote, ambayo kwa mshangao wangu haikuwa picha ya mtu.

Babu alikuwa mtu wa reli kwa miaka 35. Aliajiriwa mwaka 1958 na East African Railways and Harbours, shirika ambalo tangu mwaka 1948 lilikuwa limeunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, akapelekwa mafunzoni Nairobi, kisha akarudishwa Reli ya Kati na kuhamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine kila baada ya miaka miwili au mitatu, mpaka alipostaafu mwaka 1993. Watoto wake saba walizaliwa njiani, ukipenda kusema hivyo: mama yangu alizaliwa Itigi, mjomba anayemfuata Kaliua, na wadogo wawili wa mwisho Uvinza. Katika stesheni nyingi kati ya hizo hakukuwa na duka la viatu, na mtumishi wa stesheni ndogo hakuweza kuondoka na watoto saba kwenda mjini kila mguu mmoja unapokua. Kwa hiyo, kabla ya kwenda Tabora kwa shughuli za kazi, Babu aliwasimamisha watoto mmojammoja juu ya karatasi ya kaki, akachora nyayo zao kwa penseli, akakata karatasi kufuata mchoro, akaandika nyuma jina, tarehe na saa, halafu akaenda nazo dukani na kuingiza nyayo hizo za karatasi ndani ya viatu mpaka apate kinachotosha. Viatu vilirudi na treni. Nyayo hakuzitupa. Alipofariki tulizikuta 63 ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, za kwanza za miaka ya 1960 na za mwisho za wajukuu, yangu mwenyewe ikiwa ya mwaka 1994, wakati ambapo Kigoma mjini viatu vilikuwa vimejaa na haikuwa lazima tena kumchora mtu mguu.

Karatasi hizo zilikuwa zimegeuka rangi, na penseli ilikuwa imefifia hata maandishi yakawa hayasomeki bila kuyainamisha kwenye mwanga wa dirisha. Kijana aliyekaa kwenye mashine ya kuskani, ambaye cheo chake dukani pale kilionekana kuwa cha mwisho kabisa, alizijaribu mara ya kwanza kama anavyojaribu cheti cha kuzaliwa, zikatoka kama vipande vya mkate mweusi. Angeweza kuishia hapo na kutuambia haziwezekani. Badala yake aliweka karatasi nyeusi nyuma ya kila unyayo ili kingo zake zionekane, akapandisha mashine hadi nukta 600 kwa inchi, akaskani kwa rangi ingawa mchoro wenyewe hauna rangi, kisha akapunguza kwa kompyuta ule wekundu wa karatasi mpaka risasi ya penseli ikasimama peke yake. Alinieleza kuwa penseli iliyofifia hupotea zaidi mtu akiiskani kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu mashine huamua yenyewe kipi ni alama na kipi ni uchafu. Kurasa mbili za katikati, zile ambazo pini zinapita na kitabu kinafunguka bapa, zina nyayo kumi na nne zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na nyuma ya wa mama yangu panasomeka vizuri: tarehe, na saa 16.20, kwa mtindo wa reli. Wazee waliokuja kwenye arobaini walifungua hapo, na wengine hawakwenda ukurasa mwingine. Kama ningekuwa natoa alama kwa kazi hii peke yake, ningetoa zote.

Kwenye picha za watu alama zinashuka. Tulipeleka picha sita za kurekebishwa, kubwa kati ya hizo ikiwa ya mwaka 1964, Babu amesimama kando ya injini ya mvuke, kofia kwapani, kijana wa miaka 26 ambaye bado hajajua kuwa atapata watoto saba. Picha ilikuwa na mkunjo uliopita kifuani na doa la maji pembeni. Mkunjo uliondolewa kwa ustadi, na doa pia, lakini mtaalamu wa picha hakuishia hapo, kwa sababu siku hizi kuna programu za akili mnemba ambazo kwa kubonyeza mara moja huondoa mikwaruzo, hunoa uso na kupaka rangi picha ambayo haikuwa na rangi. Tuliletewa Babu mwenye ngozi laini kama ya mtoto, macho yanayong'aa, na bila lile kovu la juu ya nyusi ya kushoto alilolipata kazini. Reli ile ni ya njia moja, na dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia kilicho mbele yake kabla ya kukabidhiwa ruhusa na mtu wa stesheni. Kama treni haisimami, ruhusa iliwekwa kwenye kitanzi na kunyanyuliwa juu ili idakwe injini ikiwa inapita. Siku moja kitanzi kilirudi usoni kwake. Alituhadithia kisa hicho mara nyingi, kila mara injini ikiwa na mwendo mkali zaidi. Bibi alipoonyeshwa picha iliyorekebishwa aliitazama kwa muda, akauliza, «Huyu ni nani?» Hakuwa anatania.

Rangi nayo ilikuwa na kasoro yake. Programu iliamua kuwa injini ni ya kijani. Yeyote aliyewahi kuziona injini za mvuke za East African Railways za wakati ule anajua kuwa zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na Babu alikuwa akizitaja hivyo hivyo, kwa fahari, kana kwamba alizipaka mwenyewe. Programu hiyo ilikuwa inabahatisha tu, kwa kuwa picha isiyo na rangi haiiambii chochote kuhusu rangi, na hakuna aliyekumbuka kutuuliza. Tulipolalamika walikubali kurudisha picha katika weusi na weupe wake, na kovu likarudi, ila walisema kazi ya kupaka rangi ilishafanyika na haipunguzwi kwenye bei. Ushauri wangu kwa atakayepeleka picha za wazee wake ni kwamba aandike kwenye karatasi ya oda, kwa maneno, kuwa mikunjo na madoa yaondolewe na uso usiguswe. Dukani watashangaa kidogo, kwa maana wateja wengi, nilivyoambiwa, wanataka marehemu wapendeze.

Kuna picha moja ambayo lawama yake ni yetu. Mwezi Oktoba 2024 binamu yangu alimpandisha Babu treni mpya ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria kwenye kipande hicho mwezi Julai mwaka huohuo. Mzee aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye reli ya upana wa mita moja alitaka kwanza kuinama na kutazama reli ya milimita 1,435 na mataruma yake ya zege, kisha akaketi dirishani, akaandika kwenye daftari saa ya kuondoka na saa ya kufika, akalifunga daftari bila kusema neno. Kwa mtu wa reli, ukimya wa namna hiyo ni sifa kubwa. Picha aliyopigwa siku hiyo ni nzuri, lakini sisi tuliipeleka dukani ikiwa imeshapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp, na kila inapopita huko hupunguzwa uzito, hivyo iliyochapishwa kwa ukurasa mzima imetoka na ukungu. Duka lilituonya, na tulikuwa na haraka. Picha iombwe kwa aliyeipiga, na kama lazima ipite WhatsApp, itumwe kama faili la kawaida na si kama picha.

Sasa nije kwenye wasifu, ambako duka lilinikera.

Kwa wasiofahamu, wasifu wa marehemu katika misiba yetu ni maandishi yanayosomwa mbele ya waombolezaji: kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi, ndoa, watoto, wajukuu, kuugua na kufariki. Una mpangilio wake unaoheshimika, na mpangilio huo si mbaya, kwa kuwa siku ya mazishi hakuna mwenye akili ya kubuni mwingine. Lakini kitabu cha arobaini kina nafasi na muda ambao wasifu wa makaburini hauna, na kwa shilingi 150,000 nilitegemea kuwa mtu ataketi na Bibi kwenye simu walau saa moja. Aliyetuandikia alituma karatasi ya maswali 12 kwa WhatsApp, tukaijaza, na baada ya siku mbili tukapokea kurasa tatu zisizo na kosa la tahajia hata moja na zisizo na Babu. Marehemu alikuwa mcheshi. Marehemu alikuwa mpenda watu, mchapakazi na mcha Mungu. Marehemu aliipenda familia yake. Ukilifunika jina juu ya ukurasa, unaweza kumzika nayo mzee yeyote kati ya Tanga na Sumbawanga. Kwa kweli wasifu huo ulikuwa umeshamzika mwingine, maana aya ya mwisho ilisema kuwa marehemu amepumzishwa kihambani kwake. Neno hilo ni la Uchagani, kwa shamba la ukoo la migomba na kahawa kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Babu alizaliwa Kasulu, akazikwa Kigoma, na kihamba aliwahi kukisikia kwa wafanyakazi wenzake wa kutoka Moshi. Mwandishi aliomba radhi kwa unyenyekevu na akaeleza kuwa anafanyia kazi kiolezo.

Neno «aliipenda familia yake» lilinisumbua kuliko kihamba. Si uongo. Ila kulikuwa na mambo kumi ya kuonyesha upendo huo ambayo Bibi angeyataja bila kuulizwa mara mbili, na hakuna swali hata moja kati ya yale 12 lililoyagusa. Kwamba kila alipohamishwa aliomba behewa la mizigo mapema, akapanda ndani mwenyewe kukagua sakafu kabla ya kuku na vitanda kupakiwa, kisha akasafiri na familia badala ya kutangulia, ingawa kutangulia ndiyo ilikuwa rahisi. Kwamba alikuwa na daftari la mistari lenye ada za watoto wote saba, upande mmoja kiasi na upande mwingine tarehe, na kwamba watoto wa kike wanne wamo humo sawa na wa kiume watatu, wakati ambapo baadhi ya majirani walimwona anapoteza fedha. Kwamba alipostaafu, usiku wa kwanza wajukuu tunapofika likizo alikuwa anakuja na taa kuhesabu vichwa kitandani kama anayehesabu mabehewa, akitaja namba kwa sauti ya chini, na hakwenda kulala hesabu isipotimia. Mambo haya niliyaandika mimi na dada zake mama kwa usiku mmoja, na ndiyo yaliyochapishwa. Kurasa tatu za duka tulibakiza tarehe tu.

Hata tarehe hazikusalimika. Babu alifariki saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Cheti cha hospitali kiliandika 05:10, kama inavyotakiwa, na aliyepanga kurasa akakinakili: «saa 5:10 asubuhi». Msomaji wa Kiswahili anayesoma hivyo ataelewa saa tano, jua limeshapanda, saa sita nzima baadaye. Kosa hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke ni nani anayezungumzwa. Huyu ni mtu aliyeishi na saa mbili kichwani, ya reli kazini na ya Kiswahili nyumbani, na akatufundisha sote kuzibadilisha kabla hatujaanza darasa la kwanza, kwa kuwa alisema mtu akichanganya saa hizo mbili kwenye njia moja treni mbili zitakutana. Nakala ya majaribio ilikuwa sahihi. Kosa liliingia baada ya sisi kuidhinisha, aliyepanga kurasa aliporudisha faili la zamani akiwa anarekebisha kitu kingine. Ndiyo sababu ninasema mteja asisaini nakala ya majaribio na kuondoka, bali adai kuona faili la mwisho lenyewe, lile linalokwenda mashine.

Hicho kitu kingine alichokuwa anarekebisha ndicho lalamiko langu kubwa. Kitabu cha kushonwa kwa pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, kila moja ikitoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Sisi tulikuwa na kurasa 38. Zilihitajika kurasa mbili zaidi, na bei ipande, au ziondolewe mbili. Aliyepanga kurasa aliamua mwenyewe kuondoa mbili, akachagua zile ambazo hazikuwa na picha, na hivyo akaondoa sehemu inayohusu mafao.

Sehemu hiyo ilieleza kwamba Babu alikuwa miongoni mwa maelfu ya wafanyakazi ambao mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, walijikuta mwajiri wao hayupo tena. Kwa upande wa Tanzania, Shirika la Reli Tanzania lilichukua njia na watu wake, na yeye aliendelea na kazi kwenye stesheni ileile, sare ileile, kwa jina jipya. Lakini miaka 19 aliyokuwa ameitumikia Jumuiya ilikuwa na mafao yake, na hata baada ya nchi tatu kutia saini mwaka 1984 makubaliano ya kugawana mali na madeni, ambayo yaliiachia kila nchi jukumu la kuwalipa raia wake, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walidai kwa miaka mingi, ofisini, mahakamani na barabarani. Babu alitunza kila barua. Alisafiri Dar es Salaam kufuatilia, akilala kwa mama yangu, na asubuhi akivaa shati alilolinyoosha mwenyewe. Sisi watoto wa nyumba ile tulidhani anakwenda kazini. Fedha zake zilipotoka aligawa kwa watoto saba kwa bahasha, akajibakizia ya kununulia bati la kuezeka upya jiko la Bibi, na yote hayo yaliandikwa kwenye lile daftari la ada, chini ya mstari wa mwisho wa ada, kana kwamba ni hesabu moja iliyokuwa haijafungwa.

Nilipouliza kwa nini sehemu hiyo imeondolewa, jibu la kwanza lilikuwa ni kurasa, na la pili, lililotoka kwa msimamizi, lilikuwa kwamba mambo ya madai hayapendezi kwenye kitabu cha msiba. Nimelifikiria sana jibu hilo na ninalikataa. Baba wa familia ambaye anadai haki yake kwa miongo mitatu ili aigawe kwa watoto hawezi kusimuliwa bila madai hayo. Bila kurasa zile mbili, bahasha zinazotajwa baadaye kwenye simulizi ya mkubwa wa dada zake mama hazieleweki zimetoka wapi, na wasomaji wawili wameshaniuliza. Ada ya kurasa nne zaidi ingekuwa kama shilingi 1,000 kwa nakala. Tungeilipa.

Kaseti sitaizungumzia kwa urefu huo, kwa sababu kazi ilikwenda kama tulivyoagiza. Mwaka 1989 Babu alimtumia mjomba aliyekuwa masomoni ng'ambo salamu kwa kaseti badala ya barua, dakika 30 za habari za nyumbani, za mvua na za ndizi, na mwishoni, kwa kuwa utepe ulikuwa bado una nafasi, akamtajia stesheni za njia yake ili asizisahau: Tabora, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kandaga, Luiche, Kigoma. Utepe ulikuwa umeshikana na duka liliufungua na kuuhamishia kwenye ganda jipya kabla ya kuucheza, jambo la kupongezwa, kwa maana kuucheza vilevile kungeukata. Walipunguza mvumo wa mashine kwa kiasi, wakaacha jogoo anayewika nyuma. Msimbo wa QR unafanya kazi, mradi simu iwe na bando, na Kigoma siku ya misa wengi hawakuwa nalo, ikabidi sauti ichezwe kwenye spika ya kanisani. Kuna jambo moja la kuangalia: zile shilingi 30,000 ni za mwaka mmoja, na mwaka ukiisha bila malipo mapya, msimbo uliochapishwa kwenye nakala zote 80 utafungua ukurasa mtupu. Ombeni faili lenyewe la sauti mkae nalo. Sisi tulipewa kwenye flashi tulipoomba, bila malipo ya ziada.

Karatasi ni nzuri, gramu 150 ndani na gramu 300 kwenye jalada, rangi zimetoka nyeusi kidogo kuliko zilivyoonekana kwenye kompyuta, na pini hazijalegea. Waliahidi siku sita, wakatoa baada ya siku tisa, na mzigo ukaingia Kigoma kwa basi siku mbili tu kabla ya misa.

Kosa la saa lilionekana jioni ileile, na aliyeliona ni Bibi, ambaye huanza kusoma kila kitu kutoka mwisho. Hakuna aliyekuwa na muda wa kurudisha mzigo Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Kesho yake asubuhi wajukuu 19 tuliketi kwenye mkeka na kalamu za wino mweusi, tukapitisha nakala 80 mkono kwa mkono, mmoja anafungua ukurasa, mmoja anakata, mmoja anaandika «saa 11:10 alfajiri» juu yake, na mtoto wa mwisho, wa miaka saba, anahesabu kwa sauti. Alipofika 79 akasema imepungua moja. Tulianza upya.

Duka limerudisha shilingi 75,000, nusu ya gharama ya wasifu, na limekubali kutuchapia nakala 40 nyingine kabla ya kumbukizi ya mwaka mmoja kwa bei ileile ya ukurasa. Nimeagiza kurasa 40, na maandishi nimeyapeleka mwenyewe yakiwa yamekamilika, mafao yakiwemo. Picha ya 1964 itabaki nyeusi na nyeupe. Kijana wa mashine ya kuskani nimemwomba kwa jina, na nimeambiwa bado yupo, ameongezewa picha za kurekebisha.